Askari wa Galveston anaruhusiwa kulia, haruhusiwi kuuliza

Wimbo "Galveston" una matoleo mawili ya mwanzo, na kinachoyatenganisha ni bunduki. Katika lile la kwanza, lililorekodiwa na Don Ho, mwimbaji wa Hawaii, askari aliye mbali anajiuliza kama msichana wake ameshamsahau. Kisha anasema angerudi nyumbani kama wangemwachia, aiweke chini bunduki yake aende zake Galveston. Toleo hilo lilipita bila kelele. Glen Campbell alipouchukua wimbo, mahali hapo pakabadilika. Askari wa Campbell haiweki bunduki chini. Anaisafisha, na huku anaisafisha anaiota Galveston. Sahani ilitoka mapema mwaka 1969, ikapanda hadi namba 1 kwenye chati ya kantri ya jarida la Billboard na namba 4 kwenye chati ya nyimbo zote za Marekani.

Sisemi kwamba mstari huo mmoja ndio uliouza wimbo. Kilichouza ni sauti ya Campbell, laini lakini haina unyonge, na vinanda vilivyopangwa na prodyuza wake Al De Lory, na pia televisheni: Januari ya mwaka huohuo Campbell alikuwa ameanza kuendesha kipindi chake mwenyewe CBS. Hata hivyo badiliko lile dogo linaonyesha jambo linalojirudia katika nyimbo za kantri zinazomhusu askari anayekumbuka kwao. Soko la muziki huo lina huruma nyingi kwa askari. Linamwachia aogope, alie, aandike barua, hata afe. Kisichovumilika ni yeye, au anayemwimba, kuuliza ni nani aliyempeleka huko.

Mtunzi wa "Galveston", Jimmy Webb, alizaliwa mwaka 1946 Elk City, Oklahoma, mtoto wa mchungaji wa Kibaptisti. Wimbo ulipovuma alikuwa na miaka 22, rika la vijana waliokuwa wakiitwa jeshini. Alikuwa tayari amempa Campbell "By the Time I Get to Phoenix" na "Wichita Lineman". Ziweke tatu hizo pamoja uone ustadi wake ulipo: kila mara ni mwanamume aliye mbali na jina la mji likiwa mdomoni mwake. Naye Campbell alikuwa mtu wa mashambani kweli, mmoja wa watoto 12, mzaliwa wa vitongoji vya Delight, Arkansas. Alipotaja mji kwa hamu hakuhitaji kuigiza.

Maneno ya wimbo wenyewe ni machache. Askari anasikia upepo wa bahari ya Galveston. Anayaona macho meusi ya msichana aliyekuwa na miaka 21 siku walipoachana. Mawimbi yanapiga masikioni mwake, na wakati huohuo anatazama mizinga ikimulika. Halafu, karibu na mwisho, anakiri kwamba anaogopa sana kufa: afe kabla hajamfuta msichana machozi, kabla hajawaona tena ndege wa baharini wakiruka juani. Basi. Hakuna jina la vita, hakuna jina la nchi aliko, hakuna adui wala tarehe. Mizinga ile ingeweza kuwa ya 1898, au ya 1917. Kwenye filamu fupi ya kuutangaza wimbo Campbell alivaa sare za jeshi, lakini hakuna aliyehitaji kuambiwa. Mwaka 1969 kila aliyekuwa na redio alijua askari yule yuko Vietnam.

Kukiri kule ndiko kunakonifanya niuheshimu wimbo huu kuliko wenzake wengi. Mwaka 1966 wimbo uliokaa wiki tano namba 1 kwenye chati kuu ya Marekani ulikuwa "The Ballad of the Green Berets" wa Barry Sadler, sajini wa jeshi. Humo wanajeshi wanaruka kutoka angani bila hofu, na anayekufa anaagiza mwanawe naye avishwe kofia ileile ya kijani. Miaka mitatu tu baadaye, anayeongoza chati ya kantri ni askari anayesema waziwazi kwamba anaogopa kufa. Na hasemi kwa sauti ya mtu anayetubu woga wake. Anasema kama anavyosema kwamba upepo unavuma.

Katikati ya miaka hiyo mitatu mengi yalikuwa yametokea. Mashambulizi ya Tet, yaani yale makubwa ya wakomunisti wa Vietnam ya Januari 1968, yalikuwa yamewaonyesha Wamarekani, sebuleni mwao, kwamba vita walivyoambiwa vinaelekea mwisho havielekei popote. Mwaka 1968 peke yake ulichukua zaidi ya Wamarekani 16,000. Aprili 1969, wimbo ukiwa bado unapigwa kila mahali, idadi ya wanajeshi wa Marekani Vietnam ilifika kilele chake, karibu 543,000. Vijana waliandikishwa kwa lazima, ila si kwa usawa: aliyekuwa chuoni aliweza kuahirishiwa, na wa familia zenye uwezo walijua milango ya kupitia. Bahati nasibu ya tarehe za kuzaliwa, iliyokusudiwa kupunguza upendeleo huo, haikuchezeshwa hadi Desemba 1969. Waliobaki bila mlango ni watoto wa mashamba, wa viwanda, wa miji midogo ya Kusini. Hao hasa ndio waliokuwa wasikilizaji wa kantri, na hao ndio waliokuwa wakiwapeleka vijana wao kituo cha basi. Barua kutoka Vietnam hazikulipiwa stempu. Askari aliandika tu neno la kusema ni bure pale ambapo stempu ingebandikwa, na bahasha ikafika Alabama au Tennessee. Mama aliyepokea bahasha ya namna hiyo hakuhitaji mwimbaji amfafanulie wimbo.

Hapo ndipo utata wa Campbell mwenyewe unapoanza kueleweka. Mwaka 1965 alirekodi "Universal Soldier" wa Buffy Sainte-Marie, wimbo wa kupinga vita usio na kificho, unaomtwika lawama askari mwenyewe kwa kukubali kutumwa. Uliingia chati, ukafika namba 45. Na katika siku hizohizo Campbell aliwaambia waandishi kwamba wanaohamasisha kuchomwa kwa kadi za kuitwa jeshini wanastahili kunyongwa. Wengine wanaliona hilo kama unafiki. Mimi naona ni mtu aliyependa wimbo mzuri popote alipoukuta, na ambaye siasa zake zilikuwa za nyumbani kwao. Mtu kama huyo, akikutana na mstari unaosema askari aweke bunduki chini aondoke zake, anasikia utoro. Nyumbani kwao askari mwenye hofu ni mtoto wa jirani, mtoro ni mtu mwingine kabisa. Kusafisha bunduki ni kazi ya zamu: inaonyesha anatii, na fikra zake ziko mbali. Kwa ufundi wa utunzi tu, nakiri, mstari wa Campbell ni bora. Ule wa kwanza unaeleza matakwa. Huu unatuonyesha mikono ya mtu ikifanya kazi. Kisanaa wimbo ulipata, na kwa maana ulipoteza, vyote katika mstari mmoja.

Kuna pia suala la mwendo. Webb mwenyewe anapouimba, peke yake na kinanda, anauimba polepole, kama mtu anayesoma barua ya zamani. Campbell anaukimbiza. Ngoma zinatembea, vinanda vinapaa, gitaa la sauti nzito linaingia katikati kwa furaha kabisa, na ukiwa hujui Kiingereza ungedhani ni wimbo wa mapumziko ya ufukweni. Wapo wanaosema kasi hiyo iliusaliti wimbo. Kuna siku nakubaliana nao, hasa usiku. Lakini kijana wa miaka 20 aliye katika hatari haongei polepole kuhusu kifo. Anapita juu yake haraka, anarudi kwenye ndege wa baharini na msichana. Toleo la Webb ni la mtu aliyekwisha kuwa na umri wa kutafakari vita. La Campbell ni la aliye ndani yake.

Tuutazame mji nao. Galveston halisi ni kisiwa kwenye Ghuba ya Meksiko, pwani ya Texas, na bahari yake si ya kuotwa tu. Tarehe 8 Septemba 1900 kimbunga kiliingiza bahari ndani ya mji, watu wasiopungua 6,000 wakafa. Hadi leo hilo ndilo janga la asili lililoua watu wengi zaidi katika historia ya Marekani. Baadaye wakajenga ukuta wa kuzuia bahari, wakainua na ardhi yenyewe. Ni huko Galveston pia ambako Juni 19, 1865 Jenerali Gordon Granger alitoa amri iliyowatangazia watumwa wa Texas kwamba wako huru, zaidi ya miaka miwili baada ya tangazo la Rais Lincoln. Hakuna hata kimoja cha hivi katika wimbo, na simlaumu mtunzi. Mwenye hamu ya nyumbani hakumbuki kimbunga. Anachukua upepo, macho meusi na ndege, mengine anayaacha. Ninachosema ni kwamba hamu ya nyumbani ni mchaguzi mkali sana, na mchaguzi huyohuyo ndiye anayeamua kisionekane nini upande wa pili wa bahari.

Upande huo wa pili kulikuwa na watu. Galveston ina jina, ina harufu na ina msichana. Mahali mizinga inapomulika hapana jina, na wala mizinga haimuliki juu ya mtu yeyote. Wamarekani waliokufa Vietnam ni zaidi ya 58,000, na majina yao yamechongwa kwenye ukuta mweusi jijini Washington. Serikali ya Vietnam, katika makadirio iliyoyatoa mwaka 1995, ilitaja raia milioni 2 na wapiganaji wa upande wake milioni 1.1. Katika nyimbo za kantri zilizovuma zenye askari wa Vietnam ndani yake, hao milioni tatu ni mwanga wa mizinga tu. Wakati mwingine hata mwanga hawaupati.

Faida ya ukimya huo kibiashara ni kubwa: wimbo unaweza kuhamishwa kutoka vita kwenda vita. Mwaka 1944 Ernest Tubb aliongoza chati za kantri kwa "Soldier's Last Letter", wimbo wa mama anayepokea barua ya mwanawe, akifika mwisho anakuta haina sahihi, na hapo anajua. Mwaka 1971 Merle Haggard aliurekodi upya wimbo huohuo, ukafika namba 3. Kati ya sahani hizo mbili kulikuwa na vita dhidi ya Hitler na Japani, vita vya Korea na vita vya Vietnam, ambavyo havifanani kwa chanzo, kwa lengo wala kwa uhalali. Kwa wimbo ule vyote ni kitu kimoja: mama, bahasha, machozi. Machozi ya mama hayatofautiani, hilo ni kweli. Lakini nchi inayoimba wimbo mmoja kwa vita vitatu inajizoesha kuviona vita kama mvua, kitu kinachonyesha tu.

Najua pingamizi linalokuja. Wimbo una dakika mbili na nusu, si somo la historia. Unamwambia msikilizaji kijana mmoja anavyojisikia, na akitaka sababu za vita akasome vitabu. Ningekubali, kama dakika mbili na nusu zingekuwa fupi kweli. Babu zetu walioandikishwa katika Keya, yaani King's African Rifles, waliotoka Kenya, Tanganyika, Uganda na Nyasa na kupelekwa Somalia na Ethiopia mwaka 1941, Madagaska mwaka 1942, na mwaka 1944 hadi Burma kwenye bonde la Kabaw lenye malaria na matope, walikuwa na wimbo wa kutembelea ambao hata watoto wa shule waliurithi. Unaanza kwa kufunga safari. Kisha unauliza: amri ya nani? Na unajibu: amri ya Bwana Kapteni, amri ya Keya.

Nisiupake wimbo huo rangi ambayo hauna. Haukuwa wimbo wa uasi. Maofisa Waingereza waliusikia na kuupenda, na swali lake ni la kupokezana tu, mmoja anatupa na kundi linadaka. Hamu ya nyumbani nayo imejificha humo, maana anayefunga safari anaondoka kwake. Lakini katika maneno yasiyojaza hata kiganja, yupo aliyeamuru. Anatajwa kwa cheo. Mwimbaji hawezi kudai kwamba alijikuta tu Burma kama mtu aliyepeperushwa. Wimbo wa kantri wenye vyombo vyote vya studio za Los Angeles na Nashville haukuweza, au haukutaka, kufanya hivyo kwa miongo mingi.

Kuna uliokaribia. Wapenzi wa kantri Afrika Mashariki, na si wachache, hasa Kenya ambako Jim Reeves, Dolly Parton na Don Williams wana heshima ya wazee wa mtaa, wanamjua Kenny Rogers vizuri. Mwaka huohuo wa 1969, akiwa na kundi la First Edition, Rogers aliimba "Ruby, Don't Take Your Love to Town", utunzi wa Mel Tillis. Askari amesharudi, miguu haifanyi kazi, anamtazama mkewe akijipamba kwenda mjini. Anasema si yeye aliyeianzisha ile vita ya kichaa ya Asia. Subiri, hapo swali limegusa mlango. Si wewe uliyeianzisha, basi nani? Lakini mstari unaofuata unaufunga upesi: alijivunia kwenda kutimiza wajibu wake wa kizalendo. Na mwisho wa wimbo, mlemavu huyo anaitaka bunduki. Kwa ajili ya nani? Kwa ajili ya Ruby. Angeweza kusogea, anasema, angemzika. Hasira yote ya mtu aliyevunjwa na vita inamwangukia mwanamke mwenye lipstiki mlangoni, na waliomtuma hawaguswi hata na kivuli chake. Wimbo huu tumeuimba kwenye mabaa yetu tukipiga meza kwa kufuata ngoma. Ukiusikiliza kwa makini unaogofya.

Mfano ulio wazi kuliko yote ulikuja miaka 34 baada ya "Galveston", nao pia ulitoka Texas. Bruce Robison, mtunzi wa huko, alikuwa ameandika wimbo unaoitwa "Travelin' Soldier". Kundi la Dixie Chicks, wanawake watatu waliokuwa kileleni mwa kantri, wakauweka kwenye albamu yao "Home" ya mwaka 2002. Ni hadithi kamili. Kijana aliyetimiza miaka 18 siku mbili tu zilizopita, amevaa sare za kijani, anasubiri basi. Anaingia mkahawani, anakaa, msichana mhudumu mwenye utepe nywelani anamtabasamia. Anamwomba akae naye waongee kidogo, kwa kuwa yuko chini kimoyo. Anamuuliza kama anaweza kumwandikia barua, maana hana mwingine wa kumwandikia. Barua zinakuja, kwanza kutoka kambi ya California, kisha kutoka Vietnam. Anamwambia kwamba mambo yakiwa magumu anaikumbuka siku walipokaa gatini, na tabasamu lake. Kisha Ijumaa usiku, kwenye mechi ya shule, baada ya sala na wimbo wa taifa, inasomwa orodha ya marehemu wa Vietnam wa mji ule. Linatajwa jina moja. Hakuna anayejali sana, isipokuwa msichana mmoja apigaye filimbi katika bendi ya shule, anayelia peke yake chini ya majukwaa.

Kwa uandishi, naiweka hadithi hii juu ya "Galveston". Hapa hatimaye kuna Vietnam kwa jina lake, na kuna jambo ambalo nyimbo nyingine hazikuthubutu: umati unaosimama kwa wimbo wa taifa, unasikia jina la kijana wao, kisha unataka mechi ianze. Ni ukosoaji mtulivu, na mhusika wake ni mji mzima. Redio za kantri ziliupenda. Zilikuwa zinaupiga wakati vijana wengine wa umri uleule wakipelekwa Kuwait kungojea kuingia Iraki. Mwezi Machi 2003 ukafika namba 1.

Tarehe 10 Machi, siku chache kabla ya mabomu kuanza kuanguka Baghdad, kundi lilikuwa jukwaani London, ukumbi wa Shepherd's Bush Empire. Natalie Maines, mwimbaji wao mkuu, mzaliwa wa Lubbock, Texas, akiwa anautambulisha wimbo huuhuu, aliwaambia watazamaji kwamba hawaitaki vita hii, na kwamba wanaona aibu Rais wa Marekani kutoka Texas.

Hakuna neno la wimbo lililobadilika. Kijana ni yuleyule, mkahawa uleule, filimbi ileile. Lakini vituo vya redio viliuondoa hewani, kampuni ya Cumulus ikaamuru vituo vyake vyote vya kantri visiwapige, na huko Louisiana watu walileta CD zao zikakanyagwa na trekta. Maines alitumiwa vitisho vya kuuawa. Wimbo uliokuwa namba 1 uliporomoka na kutoweka chati ndani ya muda mfupi. Na hawa hawakuwa wageni wenye sifa ya uasi: Januari ya mwaka uleule ndio waliochaguliwa kuimba wimbo wa taifa kwenye Super Bowl, fainali ya mpira wa Kimarekani, San Diego, na Februari albamu yao ilipata Grammy ya kantri.

Utetezi uliotolewa wakati ule ni kwamba wasikilizaji walichukizwa na kumsema Rais ukiwa ugenini, wakati jeshi liko mlangoni mwa vita. Sitaupuuza, hata kwetu kuna methali za kutosha kuhusu kuanika ya nyumbani nje. Lakini tazama kilichoadhibiwa. Wangeweza kumwadhibu msemaji na kuuacha wimbo wa yule kijana, kama kweli kilichopendwa ni yule kijana. Hawakuweza, kwa sababu maneno ya London yalikuwa yameufanyia wimbo kitu kibaya kwa biashara: yaliuongezea swali. Mara mtu akishasema vita hii hatuitaki, jina linalosomwa uwanjani si bahati mbaya tena. Ni jina ambalo mtu fulani, ofisini, angeweza kulizuia lisisomwe. Machozi ya msichana yakapata anwani, na redio ambayo kwa miezi ilikuwa imeyauza machozi hayo ikashindwa kuyapiga.

Nafasi haikukaa wazi muda mrefu. Kwa upande mmoja hasira ilikuwa ina soko lake tayari: tangu 2002 Toby Keith alikuwa akivuma na wimbo unaoahidi kuwapiga teke maadui wa Marekani. Kwa upande wa hamu ya nyumbani, mwaka 2004 John Michael Montgomery alifika namba 2 na "Letters from Home". Nakiri ni wimbo unaoshika koo. Askari anawasomea wenzake barua ya mama, kisha ya mpenzi, wanacheka na kutaniana kana kwamba hawana hofu. Kisha anafungua ya baba, baba mkaidi asiyesema mengi, na baba anasema anajivunia. Hapo hakuna anayecheka. Askari anaikunja barua, anaiweka ndani ya shati, anaokota bunduki na kurudi kazini. Iraki haitajwi. Anayesikiliza anatoka akiwa amelia vizuri, tena amelia na baba, yaani na mamlaka ya nyumbani ikiwa upande wake. Sijui kama kuna namna safi zaidi ya kumfanya msikilizaji ahuzunike bila kumwachia chochote cha kufanya na huzuni hiyo.

Hao wanawake watatu walirudi mwaka 2006 na "Not Ready to Make Nice", wimbo unaokataa kuomba radhi. Februari 2007 walitunukiwa Grammy tano kwa usiku mmoja, zikiwemo za albamu, rekodi na wimbo wa mwaka. Kwenye chati ya nyimbo zote za Marekani wimbo ulifika namba 4, kama "Galveston". Kwenye chati ya kantri, iliyohesabu redio zilezile zilizowahi kumpandisha yule msichana wa filimbi hadi juu kabisa, uliishia namba 36.